Baiskeli ya Mkia Mgumu: Chagua Fremu, Mengine Yanarekebishika

Swali tunaloulizwa sana kuhusu baiskeli za milimani ni hili: "Nina hela kidogo. Nichukue ipi, na nikishaichukua nifanye nini ili isinibwage kwenye mteremko?" Swali zuri. Na raha yake ni kwamba sehemu kubwa ya jibu unayo tayari kwenye daftari lako la fizikia la sekondari: kani, kanieneo, msuguano, momenti. Leo tunayatoa hayo darasani, tunayapeleka kwa muuza baiskeli, kisha tunayapeleka porini.

Baiskeli tunayoizungumzia ni ile yenye shokapu mbele tu. Nyuma hakuna springi wala nini, gurudumu limeshikwa na fremu moja kwa moja. Waendeshaji wenyewe huiita haditeli, maana yake mkia mgumu. Ndiyo iliyojaa madukani na kwenye baiskeli za mitumba, na kwa mtu mwenye bajeti ya mwanafunzi ndiyo chaguo la busara. Haina maungio ya nyuma yenye beringi za kuliwa na matope, ni nyepesi zaidi, na fundi wa kona anaweza kuitengeneza. Ukikutana na baiskeli mpya ya bei chee yenye springi mbele na nyuma, iache palepale. Mara nyingi ile springi ya nyuma ni chuma kinachodundadunda bila kitu cha kukituliza, na pesa iliyokwenda kwenye springi imetoka kwenye breki na magurudumu.

Ila mkia mgumu una gharama yake. Fikiria njia ya kutoka Morogoro mjini kupanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru. Kupanda ni mapafu na miguu. Kuteremka ndiyo mtihani: mawe yaliyochomoza, makorongo yaliyochimbwa na mvua, kona zenye vumbi. Hapo kosa dogo ni bega lililochomoka au mkono uliovunjika. Kwa hiyo tuelewane mapema: helmeti siyo pambo, na breki zinazoshika siyo anasa.

Kanuni ya makala hii ni fupi. Fremu huwezi kuibadilisha umbo. Karibu kila kitu kingine kinafunguka kwa spana. Kwa hiyo pesa na macho yako uvielekeze kwenye fremu siku ya kununua, halafu uboreshe vingine polepole, ukianza na visivyokugharimu kitu.

Pembe ya shingo: namba moja inayosema mengi

Simama pembeni mwa baiskeli uitazame foki. Haijasimama wima, imelala kidogo, miguu yake ikiwa mbele. Pembe kati ya shingo ya fremu na ardhi ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kama baiskeli itatulia au itayumba ikienda kasi. Baiskeli za milimani za zamani zilikuwa na nyuzi 71 hivi. Nyingi za sasa zinazokusudiwa miteremko zina nyuzi 65 hadi 67.

Tofauti ya nyuzi tano inaonekana ndogo, kumbe siyo. Chukua mstari wa shingo ya fremu uuteremshe kwa mawazo mpaka uguse ardhi. Utaona unagusa mbele ya pale tairi linapokanyaga. Umbali kati ya nukta hizo mbili tuuite mfuato, kwa sababu tairi linafuata nyuma ya mstari wa usukani, kama vile gurudumu la kitoroli cha dukani linavyofuata nyuma ya mhimili wake. Mfuato ukiwa mrefu, jiwe likilipiga gurudumu pembeni, ardhi yenyewe inalirudisha kwenye mstari.

Tuhesabu. Gurudumu la inchi 29 pamoja na tairi lake lina nusu kipenyo cha milimita 370 hivi. Tuseme foki imesogeza ekseli mbele ya mstari wa shingo kwa milimita 44. Kwa pembe ya nyuzi 71 mfuato unatoka milimita 81. Kwa nyuzi 66 unatoka milimita 117. Nyuzi tano zimeongeza mfuato kwa zaidi ya asilimia 40. Ndiyo maana baiskeli mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuwa mbingu na ardhi ukiziteremsha kwenye mawe.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Utulivu wa baiskeli hauletwi na mfuato peke yake. Mwaka 1970 David Jones aliandika kwenye jarida la Physics Today namna alivyojenga baiskeli za ajabu akijaribu kupata moja isiyoendesheka, na akaonyesha kwamba mzunguko wa magurudumu hautoshi kueleza kwa nini baiskeli haianguki. Mwaka 2011 watafiti wengine wakaonyesha kwenye jarida la Science baiskeli ndogo ya majaribio iliyojisimamia yenyewe bila mfuato na bila msaada wa mzunguko wa magurudumu. Mgawanyo wa uzito nao una kauli. Lakini kwako wewe unayelinganisha baiskeli mbili za umbo la kawaida, pembe ya shingo inabaki kuwa kipimo cha haraka na chenye manufaa.

Na unaweza kuipima mwenyewe. Weka baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, fungua programu ya kupima pembe kwenye simu, kisha egemeza simu kwenye mguu wa foki, ambao kwenye foki za shokapu huwa sambamba na shingo. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Kwa njia za vumbi na makorongo ya kawaida, nyuzi 67 hadi 69 zinatosha kabisa. Kwa miteremko mikali tafuta 65 hadi 67. Ikiwa matumizi yako makubwa ni lami na kupanda, nyuzi 70 wala siyo dhambi, maana baiskeli yenye shingo iliyolala sana huwa nzito kuelekeza ukienda polepole mlimani.

Saizi nayo usiipuuze. Simama juu ya fremu miguu ikiwa chini: ubaki na nafasi ya vidole vinne au zaidi kati yako na bomba la juu. Kisha simama kwenye pedali, piga magoti kidogo, shika usukani. Ukijiona umejikunyata kama uko kwenye baiskeli ya mtoto, au umejinyoosha kama unafua nguo mtoni, hiyo siyo yako hata kama bei ni ya kutupa.

Ya mtumba? Ikague kama daktari

Fremu ikikufaa kwa umbo, angalia afya yake. Vitu vitano vinatosha.

Kwanza, nyufa. Pitisha kidole chini ya shingo, palipounganishwa bomba la juu na la chini, na pale bomba la kiti linapokutana na bomba la juu. Rangi iliyojikunja au kupasuka kwa mstari ni dalili ya chuma kilichochoka au kilichogonga ukuta.

Pili, unyoofu. Chukua uzi, ufunge kwenye mdomo wa ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe upande wa pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, fremu imepinda, na hakuna tairi litakaloponya hilo.

Tatu, shingo. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku umeweka vidole pale foki inapoingia kwenye fremu. Ukisikia inagonga, huenda inahitaji kukazwa tu, au beringi zimekwisha. Siyo sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguza bei.

Nne, foki. Bana breki tena, ikandamize kwa uzito wako. Inatakiwa izame kwa ulaini na irudi kwa utulivu. Ikirudi kwa kishindo, mafuta ya ndani hayafanyi kazi au hayakuwepo tangu mwanzo. Ikiwa na michubuko kwenye mabomba ya juu, au mafuta yanavuja, jua kuna gharama mbele.

Tano, sehemu za kufungia breki za diski. Diski zinashika vizuri zaidi kuliko breki za kubana rimu pale kunapokuwa na maji na tope. Fremu na foki zisipokuwa na masikio ya kufungia diski, itabidi uishi na zile za kubana rimu.

Inchi 26, 27.5 au 29?

Hapa maneno ni mengi kuliko fizikia. Ni kweli gurudumu kubwa linapanda kikwazo kwa urahisi zaidi. Kwa jiwe la urefu wa sentimita 5, hesabu ya momenti inaonyesha kwamba gurudumu la inchi 29 linahitaji kani ya kusukuma pungufu kwa asilimia 6 hivi kuliko la inchi 26. Asilimia 6 ni faida, lakini siyo muujiza. Kupunguza upepo kwenye matairi, kama tutakavyoona, kunakupa zaidi.

Kinachostahili kukuamulia ni upatikanaji wa matairi pale unapoishi. Na hapa kuna mtego. Inchi zinazotajwa dukani zinachanganya watu, kwa hiyo soma namba ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Ikiandikwa 57-622, maana yake tairi lina upana wa milimita 57 na linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 622. Rimu ya inchi 26 ya baiskeli za milimani ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Zile baiskeli nyeusi za inchi 28 tulizozizoea vijijini, kina Phoenix, rimu zao ni 635. Kwa hiyo tairi la 28 halitakaa kwenye rimu ya 29, na la 29 halitaingia kwenye rimu ya 28. Namba ya pili ilingane, basi.

Upepo: maboresho ya bure

Sasa tuje kwenye jambo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote, na ambalo watu wengi hulipita.

Ukienda kwa fundi mwenye kompresa, atakujazia mpaka tairi ligongeke kama jiwe. Kwa baiskeli ya kubeba magunia kwenye lami, hilo lina mantiki. Porini linakuumiza. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, siyo ushauri.

Tairi hubeba uzito kwa upepo uliomo ndani. Kwa makadirio, kanieneo ikizidishwa kwa eneo linalogusa ardhi inatoa kani inayobebwa. Tuseme wewe na baiskeli mna kilo 85, na asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Gurudumu la nyuma linabeba nyutoni 500 hivi. Ukijaza psi 40, eneo linalogusa ardhi ni sentimita za mraba 18. Ukishusha hadi psi 25, linakuwa 29. Umepata asilimia 60 zaidi ya tairi chini bila kutoa hata senti.

Utasema: lakini mwalimu alituambia msuguano hautegemei eneo! Alisema kweli, kwa vitu vigumu vikavu, tofali juu ya meza. Mpira siyo tofali na udongo siyo meza. Mpira hujifinyanga na kuingia kwenye mikwaruzo ya jiwe. Kwenye udongo, meno ya tairi huzama, na kinachokushika ni uimara wa udongo wenyewe kukataa kukatika. Meno mengi yakizama, udongo mwingi zaidi lazima ukatike ndipo uteleze.

Faida ya pili ni ya mkia mgumu hasa. Tairi gumu likikutana na jiwe, kitu pekee kinachoweza kutokea ni gurudumu kuruka, na wewe pamoja nalo. Kila kuruka kunaiba nishati iliyokuwa inakupeleka mbele, na gurudumu lililo hewani halina msuguano wowote: halikati kona wala halishiki breki. Tairi laini linalimeza jiwe na kuendelea kugusa ardhi. Shokapu yako ya nyuma ya kwanza, basi, ni tairi.

Historia nayo inaunga mkono. Vijana wa Marin County, California, walioanza mashindano ya kuteremka mlima yaliyoitwa Repack mwaka 1976, hawakuwa na shokapu hata moja. Walichokuwa nacho ni fremu kuukuu za Schwinn zilizokubali matairi mapana. Hata jina Repack lilitokana na breki zao: haba ya nyuma ilichemka mpaka grisi ikaungua, ikabidi ipakiwe upya kila baada ya kuteremka. Shokapu za mbele zilikuja kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa miaka zaidi ya kumi mchezo huu wote ulisimama juu ya matairi, breki na magoti.

Sasa ushuke mpaka wapi? Nunua kipima upepo, ni kifaa kidogo. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 na tyubu ndani, anza na psi 30 nyuma na 27 mbele. Pita kwenye njia unayoijua. Punguza psi 2, pita tena. Endelea hivyo mpaka usikie rimu ikigonga jiwe, au tairi likijikunja kwenye kona, kisha ongeza psi 2 au 3. Hiyo ndiyo namba yako, iandike. Ukishuka kupita hapo tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, na utapata pancha ya matundu mawili kama meno ya nyoka. Wenye rimu zinazokubali matairi ya tyubulesi na dawa ya kuziba pancha wanaweza kushuka zaidi kwa sababu hakuna tyubu ya kubanwa.

Tairi lenyewe je? Ukiwa na pesa ya tairi moja zuri, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, baiskeli inatingisha mkia, unasahihisha na safari inaendelea. La mbele likiteleza, usukani unapotea na uko chini kabla hujajua. Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, hasa ya pembeni, na mpira laini kidogo, mbele. Lile lililolika kidogo likae nyuma.

Shusha kiti

Kuanguka kunakoogopwa kuliko kote ni kule kwa kupinduka juu ya usukani. Unabana breki ya mbele, gurudumu la nyuma linanyanyuka, wewe unaruka. Watu wengi wakishapinduka mara moja wanaihama breki ya mbele moja kwa moja, na hapo wanajipeleka kwenye hatari nyingine: ukibana breki uzito unahamia mbele, nyuma panabaki pepesi, na breki ya nyuma peke yake inateleza tu.

Dawa yake ni momenti. Baiskeli inapinduka pale kani ya kusimama, iliyozidishwa kwa urefu wa kitovu chako cha uzito kutoka ardhini, inapoishinda kani ya uzito iliyozidishwa kwa umbali wa kitovu hicho nyuma ya tairi la mbele. Kwa hiyo una mambo mawili ya kufanya: shusha kitovu, na kirudishe nyuma.

Tuweke namba. Uko kwenye mteremko wa nyuzi 15, yaani kila mita 100 za mlalo unashuka karibu mita 27. Umekaa kitini, kitovu cha uzito kiko mita 1.10 juu ya ardhi na mita 0.60 nyuma ya tairi la mbele. Ukibana breki, kiwango cha juu cha kupunguza mwendo kabla ya kupinduka ni kama robo ya mchapuko wa graviti, 0.27. Sasa shusha kiti, jikunje, peleka makalio nyuma: kitovu kishuke sentimita 15 na kirudi nyuma sentimita 10. Kiwango kinapanda hadi 0.45. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na tairi likiwa linashika, umbali wa kusimama unapungua kutoka karibu mita 6 hadi mita 3.5. Breki ni zilezile, tairi ni lilelile. Umebadilisha mahali mwili wako ulipo, basi.

Kiti kirefu kinakuzuia kufanya hivyo kwa sababu kinakugonga. Kabla ya mteremko mrefu, simama, kishushe sentimita 10 hadi 15. Kama klempu yako inafunguka kwa mkono, ni kazi ya nusu dakika. Weka alama ya tepu kwenye bomba la kiti ili ukifika chini ukirudishe palepale, maana kupanda ukiwa na kiti kifupi kunaumiza magoti. Siku ukiwa na pesa, kuna bomba la kiti linaloshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Kwa baiskeli ya mkia mgumu, hilo tungelinunua kabla ya foki mpya.

Kisha simama kwenye pedali. Pedali ziwe sawa, moja mbele moja nyuma, magoti na viwiko vimekunjika. Ukikaa kitini, jiwe likipiga gurudumu la nyuma lazima linyanyue sehemu kubwa ya uzito wako. Ukisimama na magoti laini, linanyanyua baiskeli tu, kilo 13 au 14, huku mwili wako ukipita juu bila kutikisika sana. Shokapu ya nyuma ya pili, na iliyo bora kuliko ya kwanza, ni magoti yako.

Na macho yaende mbele. Kwa kilomita 20 kwa saa, kila nusu sekunde unapita karibu mita 3. Jiwe unalolitazama mbele ya gurudumu umeshachelewa nalo, tazama lile linalofuata.

Usukani na foki, kwa utaratibu huo

Usukani mpana ni nyenzo ndefu. Ukitoka milimita 600 kwenda 740, kani unayohitaji mikononi kulizuia gurudumu lisipinduliwe na jiwe inapungua kwa karibu asilimia 19. Pamoja nao, fupisha kile kipande kinachoshika usukani, ambacho mafundi wengine hukiita stemu. Kirefu kinakulaza mbele ya gurudumu, na tumeshaona maana yake ni nini mteremkoni. Usizidishe upana, lakini: mabega membamba hayahitaji usukani wa ng'ombe, na njia ya msituni ina miti pande zote mbili.

Foki iwe ya mwisho. Kwanza irekebishe uliyonayo. Funga uzi kuzunguka bomba lake la juu, panda taratibu ukiwa umevaa kila kitu, kisha shuka uone uzi umesukumwa wapi. Kwa foki ya milimita 120, uzito wako uizamishe milimita 24 hadi 30. Ikizama zaidi, ongeza upepo wa foki au kaza springi. Isipozama, punguza.

Kwa nini tujali? Kwa sababu kwenye mkia mgumu foki ikizama, mbele kunashuka peke yake, nyuma hakushuki. Foki ya milimita 120 ikizama yote, pembe ya shingo inasimama kwa nyuzi tano na ushee. Ile baiskeli yako ya nyuzi 66 imegeuka ya nyuzi 71 katikati ya mawe, pale hasa ulipoitaka itulie. Foki laini kupita kiasi inakunyang'anya jiometri uliyoilipia.

Ukiamua kununua nyingine, tafuta yenye kirekebishi cha kasi ya kurudi, maana hiyo ina mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo na kugeuza nishati ya springi kuwa joto. Bila hayo, springi inarudisha kila ilichomeza na kukurusha. Na usivutwe na urefu. Kuweka foki ya milimita 120 kwenye fremu iliyotengenezewa 80 kunalaza shingo kwa nyuzi mbili hivi na kunyanyua fremu yote, lakini pia kunairefusha nyenzo inayoivuta shingo ya fremu. Ufa ule tulioutafuta kwa kidole sokoni huanzia hapohapo.

Jaribu kimoja kimoja

Basi, utaratibu ni huu: fremu nyoofu ya saizi yako yenye pembe inayofaa njia zako, breki zinazoshika, upepo sahihi, kiti chini kwenye miteremko, tairi zuri mbele, usukani, bomba la kiti linaloshuka, na foki mwisho.

Usibadilishe vitu vitatu kwa siku moja, hutajua kipi kimesaidia. Chagua kipande cha njia cha mita 200 chenye mawe na kona, kipite mara tatu kama baiskeli ilivyo, andika muda na mahali ulipoteleza. Badilisha kitu kimoja. Pita mara tatu tena. Anza na upepo, kwa sababu ni bure na kwa sababu ukikosea unajaza tena. Ikifika jioni utakuwa na jedwali dogo la baiskeli yako mwenyewe, kwenye udongo wa kwenu, kwa uzito wako, na hilo hakuna muuzaji anayeweza kukupa.